Wimbo unaousikia lakini hakuna anayeupiga

Je, wajua kwamba kuna simfoni, yaani kazi ndefu ya muziki wa okestra, yenye wimbo wa huzuni ambao ukumbi mzima unausikia, ilhali hakuna mpigaji hata mmoja jukwaani anayeupiga?

Ni Simfoni Namba 6 ya Mrusi Pyotr Tchaikovsky, iliyopigwa mara ya kwanza St Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893, yeye mwenyewe akiongoza okestra. Siku tisa baadaye alifariki.

Sehemu ya tatu kati ya zake nne ni machi, muziki wa gwaride, ya vishindo, inayoisha kwa kelele za ushindi kiasi kwamba wasikilizaji wengi hupiga makofi wakidhani kazi imekwisha. Usiwacheke, simfoni nyingi za karne ya 19 huishia hivyo hivyo. Lakini hapa bado kuna sehemu ya nne, ya polepole, na ndiyo yenye wimbo wetu.

Fidla zinaanza kushuka ngazi kwa ngazi, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kulia. Sasa mwite mpiga fidla mmoja pembeni, mwambie apige peke yake kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Sauti inaruka juu, inaanguka, inaruka tena. Haina kichwa wala miguu. Mwite mwenzake wa kundi la pili, mambo ni yale yale.

Okestra huwa na makundi mawili ya fidla, na Tchaikovsky aliugawa wimbo noti kwa noti. Kundi moja likishika noti ya wimbo, lingine liko chini linasindikiza. Noti inayofuata wanabadilishana.

Mbona basi tunasikia wimbo mmoja uliotulia? Kwa sababu sikio hupanga sauti kwa ujirani. Noti za juu zinazokaribiana hushonwa kwa uzi mmoja, za chini kwa uzi mwingine, bila kujali sana zimetoka wapi. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Diana Deutsch alilionyesha hilo kwa kuwapelekea watu noti za kurukaruka, hizi sikio la kulia na zile la kushoto: wengi walisikia ngazi laini ambazo hazikupigwa upande wowote. Waganda wapigao amadinda, aina ya marimba ya mbao, hawakuhitaji maabara. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, wakipishana pigo kwa pigo, na msikilizaji husikia nyimbo ambazo mikono ya yeyote kati yao haikuzipiga.

Enzi za Tchaikovsky makundi hayo ya fidla mara nyingi yalikaa pande mbili za kiongozi, kushoto na kulia, hivyo wimbo ulikuwa ukiyumba kutoka upande hadi upande. Nami naona kule kurukaruka kwa vidole kunaongeza kwikwi kwenye sauti. Baadaye wimbo unaporudi, fidla za kwanza zinapewa wote mzima, na sikio langu linahisi mtu aliyechoka kulia.

Ukitaka kujaribu, tafuta rekodi ya okestra iliyokaa namna hiyo ya zamani, vaa spika za masikioni, uache sehemu ya nne ianze. Kisha chomoa ya sikio moja. Huenda wimbo ukaanza kukatikakatika.