Oda moja, wadai watatu: kuunganisha njia za masoko ya kidijitali

Kazi yangu ni kupanga matangazo ya mtandaoni, na nikikabidhiwa biashara inayotumia njia zaidi ya moja huanza na hesabu moja. Najumlisha mauzo ambayo kila mfumo unadai umeyaleta, kisha nalinganisha na oda zilizoingia kweli. Mara nyingi madai huzidi oda.

Sababu si uongo. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, kwa mpangilio wake wa kawaida hujihesabia mauzo ya mtu aliyebofya tangazo ndani ya siku 7 zilizopita, na hata ya aliyeliona tu ndani ya siku 1. Google Ads kwa kawaida humhesabu aliyebofya hadi siku 30 nyuma. Mfumo wa barua pepe nao una kipimo chake. Sasa chukua mteja aliyeona tangazo Instagram Jumatatu, akalibofya, Jumatano akatafuta jina la duka kwenye Google na kubofya tangazo, Alhamisi akafungua barua pepe na kununua. Oda ni moja, wadai ni watatu. Na ukiamua kumpa sifa zote aliyebofywa mwisho, umefanya kama timu inayomlipa mfungaji peke yake na kumfukuza anayetoa pasi.

Ndiyo maana nasema kuunganisha njia si kubandika tangazo lilelile kila mahali. Kuunganisha ni njia moja kumpokeza mteja kwa nyingine, na kila moja ipimwe kwa kazi iliyopewa. Matangazo ya utafutaji humnasa mtu anayejua tayari anachotaka, lakini hayawezi kumfanya atake asichokijua. Video fupi na mitandao ya kijamii huamsha hamu, ila ni wachache wanaonunua papo hapo. Barua pepe na ujumbe wa simu huongea na mtu aliyekupa ruhusa, kwa gharama ndogo, lakini hazileti watu wapya. Ukiidai video ilete oda leo, utaizima. Baada ya muda utashangaa kwa nini wanaotafuta jina lako wamepungua.

Kinachopokezwa si mteja tu, ni taarifa pia, na hapa ndipo naona faida nyingi zikiachwa mezani. Maneno ambayo watu huyaandika kwenye utafutaji kabla ya kununua ndiyo yanayofaa kuwa kichwa cha barua pepe na sentensi ya kwanza ya video. Maswali yanayojirudia kwenye WhatsApp ni mada za makala za tovuti, na makala hizo zinaweza kuanza kuonekana kwenye Google bila malipo. Orodha ya walionunua inapaswa kurudi kwenye mifumo ya matangazo ili watu hao waondolewe, maana hakuna kinachoudhi kama kufuatwa wiki nzima na tangazo la kitu ulichokwisha lipia. Ni jambo dogo, na bado nakuta kampuni zenye bajeti nono hazijalifanya, kwa sababu anayeshughulikia barua pepe na anayeshughulikia matangazo hawakai meza moja.

Upande wa ufuatiliaji nitakuwa mfupi. Weka alama za UTM, yaani maneno mafupi yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo kuonyesha mgeni ametoka wapi, kwenye kila kiungo cha kampeni, na mkubaliane namna moja ya kuziandika: Google Analytics, chombo cha kupima wanaotembelea tovuti, hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "Facebook" na "facebook" vitakuwa vyanzo viwili. Usiziweke kwenye viungo vya ndani ya tovuti, zitavuruga chanzo halisi. Na usiamini sana idadi ya barua zilizofunguliwa, kwani huhesabiwa kwa picha ndogo iliyofichwa ndani ya barua inapopakuliwa. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuipakua picha hiyo kwa niaba ya mpokeaji, hata kama mpokeaji hajasoma kitu. Angalia waliobofya na walionunua.

Hata hivyo, alama hizo zitakuonyesha mteja alipita wapi. Hazitakwambia kama angenunua hata bila tangazo. Jibu la swali hilo hupatikana kwa kuzima. Mwaka 2012 eBay, soko kubwa la mtandaoni, ilijaribu kusitisha matangazo ya utafutaji yaliyotumia jina lake. Karibu wageni wote waliokuwa wakipitia matangazo hayo waliendelea kufika, ila kwa matokeo ya bure. Wengi hukomea hapo na kutangaza kwamba matangazo ya utafutaji ni hasara. Lakini watafiti wa jaribio hilohilo walipopima matangazo ya maneno ya utafutaji yasiyo na jina la kampuni, waligundua kuwa matangazo yaliwasaidia wateja wapya na wale wanaonunua mara chache. Isitoshe, eBay ni jina linalojulikana. Biashara changa, ambayo washindani wananunua matangazo kwa jina lake, inaweza kupata matokeo tofauti kabisa.

Kwa hiyo fanya jaribio lako. Zima njia moja katika baadhi ya maeneo, yaache mengine yanayofanana nayo yakiendelea, kisha linganisha jumla ya mauzo, si ripoti ya njia hiyo. Kwa barua pepe ni rahisi zaidi: chagua sehemu ya orodha kwa bahati nasibu na usiipelekee kampeni hiyo. Usibadilishe njia mbili kwa mpigo, na usifanye jaribio msimu wa punguzo. Usisome matokeo mapema pia. Athari ya video huchelewa kuonekana kuliko ya utafutaji, kwa hiyo muda wa jaribio uzidi muda ambao mteja wako kwa kawaida huchukua kuamua.

Jumla isipotikisika baada ya kuzima, hamishia fedha hizo hatua moja nyuma, kwenye njia inayowaleta watu wasiokujua, kisha rudia kipimo bajeti ikishabadilika, kwa kuwa njia iliyoonekana haina kazi peke yake inaweza kuipata pale watu wapya wanapoongezeka.