Je, wajua kwa nini mpira wa brida hauzibwi?

Fungua boneti la gari la petroli, utaona mpira huo mfupi, njia ya injini kupumulia, unaotoka juu ya injini na kuingia kwenye manifodi, njia ya hewa. Uchomoe: ndani umelowa oili. Kwa nini injini inyweshwe moshi wake yenyewe?

Kwa miaka mingi niliamini hilo ni kosa la kiwandani na dawa yake ni kuuziba. Nikauziba kweli, kwa bolti iliyokazwa na klipu. Haikupita wiki mbili, oili ikaanza kudondoka kati ya injini na giaboksi. Fundi alishusha giaboksi, akaikuta sili ya nyuma ya krenki, yaani kizuizi cha oili kwenye shafti kuu ya injini, imesukumwa nje. Kisha akaiona ile bolti. "Kaka," akaniuliza, "hii injini ulitaka ipumulie wapi?"

Ringi za pistoni, zinazoziba upenyo kati ya pistoni na silinda, hazizibi kabisa, hata zikiwa mpya. Injini ya kawaida ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde, na kila mara gesi kidogo inapenya kwenda chini kwenye sampu, bakuli la oili. Imebeba petroli isiyoungua, tena imebeba maji: lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Mengi hutokea kwenye ekzosi, lakini yanayopenya chini yasipopata njia hukorogana na oili. Ndiyo ile krimu yenye rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, hasa kwa gari la safari fupi fupi kwenye baridi ya Njombe. Presha nayo ikikosa mlango hutafuta penye udhaifu: sili, gasketi, hata kijiti cha kupimia oili.

Zamani moshi huo ulimwagwa barabarani kwa bomba lililoelekea chini. Huko California, kwa ajili ya hewa chafu, magari mapya ya 1961 yakaanza kuurudisha ndani ili uunguzwe.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni gesi ipite, oili ibaki. Hapo ndipo penye utamu. Wafikirie watu wawili wanaokimbia kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe. Asiye na mzigo anakata kona bila shida. Mwenye gunia la mchele begani anataka kukata, lakini uzito unampeleka ukutani. Gesi ndiye yule mwepesi, tone la oili ndiye mwenye gunia. Kopo la kunasia oili linalofungwa katikati ya mpira ule ni vichochoro vitupu: vibati vya kugeuza njia na wavu kama steliwaya ya kusugulia sufuria. Matone yanagonga, yanashikana, yanakuwa mazito, yanateremka chini. Kopo likikaa mbali na joto, mvuke nao hufanya kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali, unageuka matone.

Faida yake inategemea injini. Petroli ikirushwa kwenye manifodi, huosha mgongo wa valvu za kuingizia hewa, na kopo halileti tofauti kubwa. Ikirushwa moja kwa moja ndani ya silinda, valvu hazioshwi, masizi yanajijenga, na hapo kopo lina kazi. Hata hivyo ukungu mwembamba kabisa hupita, na oili nyingine huteremka kwenye shina la valvu lenyewe, mahali ambapo kopo halifiki. Tena lazima limwagwe mara kwa mara. Likijaa, oili yote inafyonzwa kwa mkupuo.

Kabla ya kulinunua, chomoa ile valvu ndogo yenye springi ambayo magari mengi huwa nayo mwanzoni mwa mpira, uitikise sikioni. Nzima hulia chaka-chaka. Ikiwa kimya, imeganda kwa utando wa oili. Anza kwa kuibadilisha hiyo.