Mkristo ni Nani: Imani, Ubatizo na Ushirika

Mkristo ni mtu anayeamini kwamba Yesu wa Nazareti ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, aliyekufa msalabani kwa ajili ya dhambi za watu na kufufuka siku ya tatu. Amebatizwa kwa sababu ya imani hiyo, na anamfuata Yesu pamoja na wengine waaminio. Makanisa mengi ya Nairobi yanakubaliana juu ya mambo hayo matatu: imani, ubatizo na ushirika. Ugomvi huanza mtu akiuliza lipi litangulie.

Katika sensa ya 2019, zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walihesabiwa kuwa Wakristo. Karani wa sensa huandika anachoambiwa. Paroko na mchungaji huuliza zaidi.

Imani kwanza. Kusadiki kwamba Mungu yupo hakutoshi: Mwislamu wa Eastleigh anasadiki hivyo, tena anamheshimu Isa kama nabii. Kinachowatenganisha ni msalaba, ufufuo na uungu wa Kristo, mambo yaliyowekwa kwenye Kanuni ya Imani katika mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ya Nikea (325) na Konstantinopoli (381). Kuwa mtu mwema si kipimo pia, na jina la Peter au Mary kwenye kitambulisho halithibitishi chochote. Wako wenye majina hayo ambao hawajawahi kuguswa na maji ya ubatizo.

Wakatoliki, Waanglikana, Wapresbiteri wa PCEA, Wamethodisti na Waorthodoksi hubatiza hata watoto wachanga. Hoja yao ni kwamba neema ya Mungu humfikia mtu kabla hajajua kuchagua. Wazazi na wasimamizi huahidi kwa niaba yake, kisha mtoto hufundishwa. Kwa Wakatoliki msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe amepata kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu), na asiwe baba wala mama wa mtoto. Hapa familia nyingi hukwama. Shangazi Mwanglikana, hata awe mcha Mungu kiasi gani, atasimama kama shahidi tu kando ya msimamizi Mkatoliki. Paroko pia ataulizia jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya waumini majirani: wazazi wanajulikana huko, au wameonekana leo kwa kuwa wanataka cheti?

Maji si lazima yawe mengi, ila yatiririke kichwani, na mbatizaji aseme, “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Maneno hayo hayachezewi. Mwaka 2020 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo wa kusema “Tunakubatiza” si halali, kwa hiyo aliyebatizwa hivyo hahesabiwi kuwa amebatizwa. Upande wa pili, penye hatari ya kifo, muuguzi wa zamu anaweza kubatiza, hata kama yeye si Mkristo, mradi akusudie kufanya kile Kanisa linachofanya. Waorthodoksi humzamisha mtoto mara tatu, wakampaka mafuta matakatifu papo hapo, na hata Komunyo hupewa akiwa bado mchanga. Kwa Komunyo, wengine husubiri mtoto afike umri wa kuelewa.

Njia hii ina pengo linalojulikana na kila katekista. Kijana akishapata kipaimara, anaona amemaliza. Anarudi kanisani siku ya harusi yake.

Wabaptisti, Wapentekoste, AIC (Africa Inland Church) na Waadventista Wasabato hupanga kinyume: mtu atubu, amkiri Yesu kuwa Bwana (Warumi 10:9), afundishwe, ndipo azamishwe mwili mzima. Kanisa lisilo na kidimbwi hukodisha bwawa la kuogelea au huenda mtoni, na anayebatizwa aje na nguo za kubadilisha. Kuokoka, kwa lugha yao, ndiyo hatua ya kwanza. Maji ni ushuhuda wa kilichokwisha kutokea moyoni.

Lakini usidhani kuokoka ni mali ya Wapentekoste peke yao. Uamsho wa miaka ya 1930, uliotoka Rwanda na Uganda ukaingia Kenya, ulibaki ndani ya makanisa ya Kianglikana na Kipresbiteri. Ndugu wa Uamsho waliungama dhambi hadharani na kurudisha walichoiba. Urithi wao ndio unaomfanya Mnairobi amuulize Mwanglikana aliyebatizwa akiwa na wiki sita, “Na wewe, umeokoka?” Swali lina maana: limebatizwa jina, au mtu?

Njia ya pili nayo ina pengo lake. Mtu anainua mkono kwenye mkutano wa injili Uhuru Park, anaongozwa sala ya toba, anaandikwa kwenye daftari, halafu hakuna anayempigia simu. Kule Antiokia, wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, Barnaba na Sauli walikuwa wamefundisha mwaka mzima (Matendo 11:26). Kanisa lisilo na darasa la waongofu linakusanya majina, halijengi Wakristo.

Pande hizi mbili hugongana zaidi watu wakitaka kuoana. Kanisa Katoliki huutambua ubatizo wa Kianglikana au wa PCEA na halimrudishi mtu majini. Pakiwa na shaka ya kweli, hubatiza kwa sharti: “Kama hujabatizwa, nakubatiza…” Wabaptisti na Wapentekoste wengi husema kilichofanyiwa mtoto mchanga hakikuwa ubatizo, hivyo kwao hawarudii, wanaanza. Wachumba walizungumze hili kabla ya kulipia ukumbi.

Wapo pia wasiotumia maji kabisa. Marafiki (Quakers), ambao Kenya inao wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, hushikilia ubatizo wa Roho. Jeshi la Wokovu humwapisha mshiriki wake, aitwaye askari, chini ya bendera baada ya kutia sahihi agano. Ukiwaondoa hawa kwenye hesabu kwa sababu ya maji, itabidi ueleze imani yao katika Kristo ni ya nini.

Ushirika ndio unaopuuzwa zaidi mjini. Kwa Mkatoliki kiwango cha chini kimeandikwa: Misa kila Jumapili, kitubio angalau mara moja kwa mwaka, Komunyo angalau wakati wa Pasaka. Waliooana kimila tu huzuiwa Komunyo mpaka wabariki ndoa, lakini wanabaki Wakristo na Misa ni yao. Ushirika haumaanishi kumtii mchungaji kwa lolote. Huko Shakahola, mwaka 2023, waumini walioambiwa wafunge hadi kufa walifukuliwa, miili zaidi ya 400. Anayekukataza hospitali, au anayeuza maombi kwa namba ya M-Pesa, amejiweka mahali pa Kristo.

Ukihama, tuseme kutoka Kayole kwenda Rongai, omba barua kabla hujaondoka. Wakatoliki huhitaji cheti cha ubatizo na utambulisho wa jumuiya. Kwa Waadventista, karani wa kanisa jipya ndiye huandikia la zamani, na jina husomwa mbele ya washiriki mara mbili kabla ya kura. Hakikisha majina kwenye cheti cha ubatizo yanalingana na ya kitambulisho, kwa sababu kurekebisha wiki ya harusi ni usumbufu mtupu.