Wapenzi wa zamani hawakuishia wote kitanzini

Nahariri riwaya za mapenzi za kihistoria, na nyingi zinazopita mezani kwangu ni za wanaume wapendanao au wanawake wapendanao, aghalabu katika Uingereza ya kati ya 1780 na 1914. Mswada ukipelekwa kwa wasomaji wa tathmini, mmoja wao hurudi na hoja ileile: wahusika hawa hawawezi kuzeeka pamoja katika nyumba moja, maana zamani watu kama hao walinyongwa, kwa hiyo mwisho mwema ni uongo wa kihistoria. Wiki iliyopita hoja imerudi tena, safari hii kwa wino mwekundu. Anayeishikilia hataji mwaka, wala sheria, wala kesi hata moja. Ana uhakika tu, na mimi nimechoka kujibu mmojammoja.

Kitanzi kilikuwapo, sitaki kukipunguza. Sheria ya Henry VIII ya mwaka 1533 iliweka adhabu ya kifo kwa ulawiti, na England adhabu hiyo ilidumu hadi 1861. Mwaka 1726 nyumba ya Margaret Clap katika Field Lane, Holborn, ambako wanaume walikusanyika kunywa, kucheza na kutafutana, ilivamiwa, na wanaume watatu wakanyongwa Tyburn, uwanja wa kunyongea wa London, mwezi Mei. James Pratt na John Smith walinyongwa nje ya gereza la Newgate tarehe 27 Novemba 1835, nao ndio waliokuwa wa mwisho England kunyongwa kwa kosa hilo. Mwandishi akiniletea London ya miaka hiyo isiyo na woga ndani yake, namrudishia. Woga lazima uwepo.

Lakini jiulize habari hizi zimetufikiaje. Zimeandikwa na makarani wa mahakama, kutokana na maneno ya mashahidi wa upande wa mashtaka. Wanaume wawili waliofunga mlango vizuri, wakalipa kodi kwa wakati na kufa wazee, hawakuandikiwa jalada. Kuwajua wapendanao wa zamani kwa kesi tu ni sawa na kuandika historia ya ndoa za Dar es Salaam kwa kutumia mafaili ya talaka peke yake. Faili halisemi uongo, ila halikuwekwa kwa ajili ya waliopatana.

Na hata hao waliofikishwa mahakamani, mambo hayakwenda kama wengi wanavyodhani. Kabla ya 1828, ili mtu ahukumiwe kifo ilibidi ithibitishwe kwamba tendo lilikamilika kabisa, hadi mbegu kutoka. Nani angethibitisha hilo, na mlango umefungwa? Ndiyo maana wengi walishtakiwa kwa jaribio tu. Hilo lilikuwa kosa dogo kisheria, lakini adhabu yake haikuwa ndogo: kifungo, au kusimamishwa hadharani shingo na mikono vikiwa vimebanwa kwenye mbao. Wanaume waliokamatwa Vere Street, London, mwaka 1810 walirushiwa matope, matumbo ya wanyama na mizoga ya paka na umati mkubwa. Hayo ni mateso ya kweli na riwaya inaweza kuyabeba. Siyo kitanzi, hata hivyo, na mhusika aliyeyapitia anaweza kuishi miaka arobaini baadaye. Mwandishi anayejua tofauti hii ana msuko mzuri kuliko yule anayetupa kamba shingoni kila sura ya kumi.

Hapa nataka kusimama kwa muda, kwa sababu kuna mhusika mmoja anayenikera kuliko wote: yule mtoza pesa anayemtishia bwana mkubwa, "nipe pauni mia au nitasema," kisha anarudi kila mwezi kana kwamba yeye hana la kuogopa. Tangu 1779 mahakama za England zilikubali kwamba kumnyang'anya mtu fedha kwa kumtishia kumshtaki kwa ulawiti ni unyang'anyi kamili, na unyang'anyi ulikuwa kosa la kifo. Mtishaji naye alicheza na shingo yake. Zaidi ya hapo, kama alikuwa mpenzi wa zamani wa huyo bwana, ushahidi wake ungemtia hatiani yeye mwenyewe. Kwa hiyo kila upande umeshika kamba ya mwenzake, na aliye na wakili mzuri na marafiki mahakamani ndiye mwenye nafasi. Onyesho lenye hofu ya namna hiyo lina uzito kweli. Kila mara naliandika pembeni mwa mswada, na bado waandishi huniletea mtoza pesa mwenye kiburi asiyetokwa hata jasho.

Kingine ni imani kwamba sheria ililegea kadiri miaka ilivyosonga. Adhabu ya kifo iliondoka 1861, sawa. Kisha mwaka 1885 Bunge likaingiza kifungu cha mbunge Henry Labouchere kuhusu vitendo vya aibu kati ya wanaume, hata faraghani, kwa kifungo cha hadi miaka miwili na kazi ngumu. Sasa mwendesha mashtaka hakuhitaji tena kuthibitisha tendo kamili. Barua na ushuhuda wa vijana wa hotelini vingeweza kutosha. Mwandishi Oscar Wilde alifungwa kwa kifungu hicho 1895. Kwa maisha ya kila siku, karani wa benki wa 1890 alikuwa na sababu mpya za kuogopa ambazo babu yake wa 1830 hakuwa nazo, ingawa babu ndiye aliyeishi chini ya adhabu ya kifo. Riwaya ikianza 1880 na kuishia 1886, mabadiliko hayo yasipoonekana najua mwandishi hakusoma.

Na msituchanganyie Ulaya. Ufaransa ilifuta kosa hili katika sheria zake za jinai za mwaka 1791, na halikurudi Napoleon alipotunga zake. Upande wa pili wa mkono mwembamba wa bahari, kwa safari ya meli ya saa chache kutoka Dover, mtu alikuwa katika sheria nyingine kabisa. Waingereza wenye fedha walilijua hilo vizuri. Baadhi walikwenda Calais au Paris na hawakurudi. Ukielekea Mashariki ni kinyume: Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 ilikuwa na kifungu chake cha 377 dhidi ya kosa hilohilo, na kanuni hiyo ndiyo Waingereza waliyoitumia baadaye hata Afrika Mashariki kabla ya kutunga nyingine. Nahodha anayehamia Bombay mwaka 1870 ili apendane kwa amani hajakimbia sheria ya kwao, kwa sababu ameikuta imemtangulia.

Kuhusu wanawake nitakwenda haraka kwa hoja moja na polepole kwa nyingine. Haraka: mapenzi kati ya wanawake hayakuwahi kuwa kosa la jinai England. Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alikataa kuamini jambo hilo lipo, ndiyo maana sheria ya 1885 ikawaacha, ni ya kubuni. Jaribio la kweli lilikuja 1921, wabunge wakapitisha kifungu na Baraza la Malodi, lile la juu la Bunge, likakikataa, baadhi yao wakihofia kwamba kutunga sheria kungewafundisha wanawake jambo ambalo hawajawahi kulisikia.

Polepole: kwa kuwa hakuna hakimu, hatari ya wanawake iko kwingine, na mwandishi asiyejua iko wapi huishia kuazima polisi kutoka riwaya za wanaume. Hatari ni kaka, mjomba, binamu anayetaka shamba. Mwanamke akiolewa, mali yake ilikwenda mikononi mwa mume, hadi sheria za 1870 na 1882 zilipobadilisha. Kwa hiyo mwanamke asiyeolewa mwenye ardhi yake alikuwa na uhuru ambao dada yake aliyeolewa hakuwa nao. Hatari nyingine ni jina. Edinburgh, mwaka 1810, mwanafunzi mmoja alimweleza bibi yake kwamba walimu wake, Marianne Woods na Jane Pirie, walikuwa wapenzi. Bibi, Lady Cumming Gordon, aliwaarifu wazazi wengine, na shule ikabaki bila wanafunzi kwa siku chache tu. Walimu walishtaki kwa kuchafuliwa jina, na kesi ikafika hadi Baraza la Malodi, lililokuwa pia mahakama ya mwisho ya rufaa, nalo mwaka 1819 liliamua upande wao. Walishinda kesi, lakini shule ilikuwa imekwisha kufa.

Tuje sasa kwa waliozeeka pamoja. Eleanor Butler na Sarah Ponsonby walitoroka familia zao Ireland mwaka 1778 wakatua Llangollen, Wales. Waliishi Plas Newydd kama nusu karne, Butler akafa 1829 na Ponsonby 1831, wakazikwa kaburi moja na Mary Carryl, mtumishi wao aliyekuja nao. Anne Lister, mwenye ardhi wa Shibden Hall, Halifax, aliwatembelea 1822 na akajiuliza katika shajara yake kama ulikuwa urafiki tu, hakuamini. Yeye mwenyewe aliandika mwaka 1821 kwamba anawapenda wanawake na wanawake peke yao. Anayeniambia kwamba watu wa enzi hizo hawakujijua, akasome hapo kwanza. Siku ya Pasaka 1834, katika kanisa la Holy Trinity, Goodramgate, York, Lister alipokea ushirika mtakatifu pamoja na Ann Walker, na tendo hilo wakalihesabu kuwa ndoa yao. Wakaandikishana katika wosia. Edward Carpenter na George Merrill, mmoja msomi wa familia yenye uwezo na mwingine aliyekulia mtaa wa makabwela wa Sheffield, waliishi pamoja Millthorpe tangu 1898, baadaye Guildford, hadi Merrill alipofariki 1928. Carpenter alimfuata 1929, na kaburi lao ni moja. Wanaume hao wawili waliishi hivyo chini ya sheria iliyomfunga Wilde.

Shajara za Lister zina takriban maneno milioni 5, na kama sehemu moja ya sita aliiandika kwa hati fiche aliyoibuni. Mwishoni mwa karne ya 19 ndugu yake John Lister na rafiki yake Arthur Burrell waliifumbua, na Burrell alipoona yaliyomo akashauri zichomwe. John hakuzichoma, alizificha nyuma ya mbao za ukuta. Nawaza ni nyumba ngapi ambazo ushauri wa Burrell ulifuatwa. Mahakama ilihifadhi karatasi zake kwa uangalifu, na familia zikachoma za kwao. Kisha karne mbili baadaye anakuja mtu na kuniambia kwamba furaha haina ushahidi.

Halafu kuna jambo ambalo huniumiza zaidi. Sehemu ya imani hii haikutoka katika historia kabisa, imetoka katika riwaya zenyewe, nazo zililazimishwa kuwa na huzuni. Mwandishi E. M. Forster alimaliza mswada wa kwanza wa Maurice, riwaya yake ya wanaume wapendanao, mwaka 1914, baada ya kuwatembelea Carpenter na Merrill. Alikusudia tangu mwanzo wapenzi wa riwaya hiyo wabaki pamoja, na baadaye alieleza kwamba laiti angewamaliza kwa kitanzi au kwa kujiua pamoja, kitabu kingechapishika. Kilitoka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Marekani mwaka 1952, Marijane Meaker alipoandika riwaya ya wasichana wawili wapendanao, mhariri wake alimwambia isiishe kwa furaha, kwa sababu vitabu vilisafirishwa kwa posta na wakaguzi wangevizuia kama vichafu. Vizazi vikasoma huzuni iliyowekwa kwa amri, vikaamini kwamba ndivyo maisha yalivyokuwa. Msomaji wangu wa wino mwekundu anaendelea na kazi ya mkaguzi wa posta bila kujua.

Na mbona wapenzi wa mume na mke hawaulizwi? Riwaya zao zina madyuki, mabwana wa cheo cha juu kabisa, wengi kuliko waliopata kuwapo Uingereza nzima, na harusi ikifungwa hakuna anayedai sura ya bibi harusi kufia uzazini, ingawa hilo lilitokea kweli. Mkuki kwa nguruwe.

Nina mashaka yangu, na ni ya uzito. Karibu wote niliowataja walikuwa na nyumba. Pratt na Smith walikuwa maskini waliotumia chumba cha kupanga cha mtu mwingine, na mwenye nyumba akawachungulia kupitia tundu la ufunguo. Hakimu Hensleigh Wedgwood, aliyewapeleka mahakama kuu, alimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani akilalamika kwamba sheria hii humwangukia maskini, kwani tajiri hununua faragha na hata akikamatwa hupata dhamana. Nikitetea mwisho mwema, je, natetea mwisho mwema wa wenye mali tu? Lister huyohuyo aliwabana wapangaji wake wapige kura alivyotaka yeye. Naye Ann Walker, baada ya Lister kufa Kutaisi, Georgia, mwaka 1840, alitangazwa kuwa hana akili timamu na akaondolewa Shibden mwaka 1843. Riwaya inayosimama Pasaka ya 1834 inasema kweli, na inayofika 1843 inasema kweli vilevile, na sioni kanuni ya kihistoria inayomlazimisha mwandishi kuchagua ya pili. Hata hivyo kila ninapopitisha ya kwanza, namkumbuka Walker.

Kwa hiyo mwandishi akiniletea mwisho mwema, maswali yangu ni ya nyumbani. Mkataba wa pango uko kwa jina la nani? Jirani ameambiwa ni binamu, karani au mpangaji? Mtumishi anayetandika kitanda kimoja badala ya viwili analipwa nini, na anawapenda au anawavumilia? Wosia umeandikwa lini, na kama ni baada ya 1837, mashahidi wawili waliotakiwa na sheria ni akina nani na wanaweza kuusimamia mbele ya mpwa mwenye uchu? Akiwa na majibu, nautetea mswada wake mbele ya msomaji yeyote wa tathmini.