Draya inalia? Tazama puli kabla ya kuagiza mkanda

Mashine ya kukaushia nguo ikianza kutoa mlio mwembamba, kama bawaba kavu ya mlango wa zamani, wengi hapa Malindi hukimbilia kuagiza mkanda unaozungusha dramu. Mkanda unafika kutoka Mombasa, unafungwa, kelele inatulia siku chache, kisha inarudi, na ule mkanda mpya umeshaanza kulika ukingoni. Mkanda umesingiziwa. Kilichochakaa ni kigurudumu kidogo kinachoukaza, yaani puli ya tenshena.

Piga hesabu uone mzigo wake. Dramu ya draya ya nyumbani ina kipenyo cha sentimita 57 hivi na huzunguka kama mara 50 kwa dakika, kwa hiyo mkanda unakimbia karibu mita 90 kila dakika. Puli yenye kipenyo cha sentimita 4 hulazimika kuzunguka mara 700 na ushei kwa dakika hiyo hiyo. Nguo za saa moja ni zaidi ya mizunguko 42,000, na mara nyingi ni plastiki tupu inayozunguka juu ya pini ya chuma, bila beringi.

Sasa ongeza pwani yetu. Hewa ya chumvi inaparuza pini kwa kutu. Taulo za wageni waliotoka ufukweni huja na mchanga. Vumbi la nyuzi, lile linalojaa kwenye chujio, likikutana na unyevu wa masika hugeuka uji mzito unaoingia kati ya puli na pini. Kuanzia Aprili hadi Juni, kamba ya kuanikia haisaidii kitu na draya za nyumba za wageni hazipumziki. Ndipo hizi puli hufa.

Kabla ya kufungua chochote, sikiliza. Mlio mkali unaoendelea bila kukatika, hasa mashine ikianza, ni puli. Kishindo kinachojirudia kwa mpigo, du-du-du, kwa kawaida ni magurudumu yanayobeba dramu. Mkwaruzo wa chuma au wa kitu kinachoburuzwa ni sufi ya ukingo wa dramu iliyoisha, au sarafu iliyonasa. Mngurumo usiobadilika hata dramu iwe tupu, angalia feni. Dalili nyingine haihitaji sikio: unga mweusi sakafuni chini ya mashine. Huo ni mkanda unaosagwa, na anayeusaga ni puli iliyokaa upande.

Zima swichi ya ukutani na uchomoe plagi. Kuzima kwa kitufe cha mashine hakutoshi. Mota nyingi zina kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, kwa hiyo usiguse ncha zake hata umeme ukiwa umekatwa. Kama draya yako ni ya pampu ya joto, mirija yake ya shaba usiikunje wala kuigonga. Nyingine zina gesi ya R290, ambayo ni propani na inawaka.

Toa tangi la maji, kisha kifuniko cha juu, kisha ubavu wa upande wa mota. Skrubu nyingi ni za T20, zile zenye tundu la nyota ya pembe sita. Vaa glavu, maana kingo za bati lililokatwa zina makali kuliko zinavyoonekana. Piga picha njia ya mkanda kwa simu, picha mbili tatu, kabla ya kugusa. Hili wengi hulipuuza, kisha jioni wanabaki wanaugeuza mkanda huku na huku.

Sukuma mkono wa tenshena, mkanda ulegee, uutoe kwenye puli ya mota. Sasa puli iko huru. Izungushe kwa kidole: nzuri huteleza kimya. Mbovu hukwama, hukwaruza au huyumba. Ishike uitikise kushoto na kulia. Ikicheza waziwazi, tundu lake limekuwa yai. Kisha ivue kwenye klipu yake na upitishe ukucha juu ya pini. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, usinunue puli peke yake, nunua na mkono wake mzima. Puli mpya juu ya pini iliyolika ni kurudia kazi baada ya miezi michache.

Puli nyingine zina beringi ndani. Ikiwa namba inasomeka 608, hiyo ni ya kawaida sana, milimita 8 kwa 22 kwa 7, ile ile ya viatu vya magurudumu, na maduka ya beringi wanayo. Kwa hapa chagua 2RS, yenye mpira pande zote mbili; ile ya kifuniko cha bati huruhusu chumvi na vumbi kupita.

Na ile dawa ya kupuliza mafuta? Itanyamazisha mlio kwa siku mbili. Kisha mafuta mepesi yanakauka, yanabeba vumbi, na yakigusa mkanda unateleza. Mkanda ukiteleza dramu inachelewa au inasimama huku hita ikiwaka, na shuka za mgeni zinatoka na madoa ya kahawia. Mimi siitumii kabisa.

Ukiagiza, soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango na utume picha yake. Bosch wanataka namba ya E-Nr, Electrolux wanataka PNC. Jina la modeli peke yake hudanganya. Mkanda nao una maandishi, kwa mfano 1930 H7: urefu wa milimita 1,930 na mbavu 7. Ukiwa umepasuka au umeng'aa kama kioo, badilisha mkanda na puli kwa mara moja.

Kurudisha si kazi kubwa. Sugua pini kwa msasa laini wa 400 mpaka kutu itoke, uifute ikauke. Wosha, zile pete bapa za kwenye pini, zirudi kwa mpangilio ule ule. Ikikosekana moja, puli inakaa pembeni na unga mweusi unarudi. Springi irudi kwenye tundu lake la awali. Kwa mashine nyingi, mbavu za mkanda hushika dramu na puli ya mota, na mgongo laini ndio unaopita kwenye tenshena. Zungusha dramu kwa mkono mara 10 hivi uone mkanda unakaa katikati, haupandi ukingo.

Kabla ya kufunga ubavu, fagia vumbi la nyuzi kwa brashi ya rangi, hasa karibu na hita; ndilo huwaka moto. Kisha jaribu kwa hewa baridi dakika 10 dramu ikiwa tupu, halafu taulo za kilo 3. Harufu kidogo ya mpira mpya mara ya kwanza ni kawaida. Baada ya wiki moja, mulika tochi chini ya mashine: ukiona weusi wowote, fungua tena uhesabu wosha.