Tairi Linagusa Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Rimu Pana na Gari la Mbio

Tabora hatuna uwanja wa mbio za magari. Kijana wa Ipuli au Cheyo anayeandaa Subaru Impreza au Toyota Altezza yake kwa ajili ya mashindano analitengeneza gari hapahapa mjini, kisha analipakia kwenye lori na kulisafirisha mamia ya kilomita. Dar es Salaam peke yake iko zaidi ya kilomita 800. Akifika huko, mzunguko wa kwanza tu, tairi linaanza kulia ndani ya fenda. Gereji yake iko mbali, spana nusu zimebaki nyumbani, na siku ya mashindano imeshaharibika.

Ndiyo maana suala hili linanigusa. Matatizo mengi ya tairi kugusa bodi au shokapu yangeonekana hapa hapa, juu ya sakafu ya gereji, kabla lori halijawasha injini. Kinachozuia yasionekane ni mambo tunayoambiana vijiweni kila siku kana kwamba yamethibitishwa.

"Nimeangalia, haligusi"

Gari lililosimama juu ya ardhi sawa limekuonyesha sehemu moja tu ya safari ya gurudumu. Kwenye kona kali, gari linalalia upande wa nje, shokapu ya upande huo inazama, usukani umekatwa, bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) zinapinda kidogo, na ubavu wa tairi wenyewe unasukumwa pembeni na uzito. Vyote hivyo hutokea kwa wakati mmoja. Kidole kinachopita vizuri kati ya tairi na fenda gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe hakithibitishi chochote kuhusu kona hiyo.

Kipimo cha kweli kinahitaji nusu siku na uvumilivu. Gari linawekwa juu ya stendi imara, kamwe lisiachwe juu ya jeki pekee. Shokapu inatolewa, springi inavuliwa kwa kifaa chake cha kubania (springi iliyobanwa ikifyatuka inaua, hapa hakuna mchezo), kisha shokapu inarudishwa bila springi. Sasa gurudumu linaweza kupandishwa kwa jeki ndogo kutoka chini kabisa mpaka linapokutana na raba ya mwisho iliyo kwenye ufito wa shokapu. Kila baada ya sentimita mbili hivi unasimama, unakata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, na unapima: nje hadi mdomo wa fenda, ndani hadi shokapu na kikombe cha springi, mbele hadi plastiki ya bampa, nyuma hadi sehemu ya chini ya mlango, juu hadi bodi.

Andika namba hizo. Kwa upande wa shokapu, ukibakiwa na chini ya milimita 5 hesabu kwamba umeshagusa, kwa sababu tairi linalobeba uzito wa kona halikai pale lilipokaa ulipolipima likiwa tupu. Ukiwa na haraka, paka chaki nyeupe ndani ya fenda na kwenye shokapu, zunguka taratibu kwenye eneo la wazi ukiwa umebeba watu wanne, kisha chungulia chaki imefutika wapi. Hiyo ni dalili nzuri, ila haifikii kipimo cha kutoa springi.

"Weka spesa, kazi imekwisha"

Huu ndio ushauri wa kwanza anaopewa kila mwenye tairi linalosugua shokapu, na una ukweli nusu. Spesa ni bamba linalowekwa kati ya rimu na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu linafungwa; ya milimita 10 inasogeza gurudumu lote nje milimita 10. Nafasi uliyoipata ndani umeitoa kwenye fenda, milimita kwa milimita. Kama hukupima upande wa nje kwanza, umehamisha tatizo tu, na mara nyingi umelihamishia pabaya zaidi, kwa sababu mdomo wa fenda ni bati lenye makali.

Halafu kuna stadi, zile bolti za habu zinazopokea nati za gurudumu. Stadi za Toyota nyingi ndogo zina unene wa milimita 12 na kila mzunguko mmoja wa nati unasogea milimita 1.5. Kanuni inayofuatwa ni kwamba nati ishike urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe, yaani mizunguko 8 kamili. Spesa ya milimita 5 inakula zaidi ya mizunguko mitatu. Kabla ya kufunga spesa, hesabu mizunguko kwa mkono. Ikipungua, dawa ni stadi ndefu, au spesa nene yenye stadi zake zenyewe inayofungwa kwenye habu kwanza.

Niseme hapa jambo moja ambalo halihusu nafasi moja kwa moja lakini nimeona linapuuzwa sana. Stadi za Subaru nazo ni milimita 12, ila hatua ya uzi wake ni 1.25, si 1.5. Nati ya Toyota itashika kwenye stadi ya Subaru mizunguko ya mwanzo, kisha itakuwa nzito, na fundi mwenye spana ndefu ataimaliza kwa nguvu. Uzi umeshaharibika. Nati za kuokoteza kwenye kopo la gereji zisiingie kwenye gari linalokwenda mbio.

Spesa ikae pia kwenye shingo ya habu bila kucheza. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko shingo, gurudumu linakaa nje ya kitovu na usukani unatetemeka. Tundu la rimu za Toyota za stadi tano zilizo kwenye duara la milimita 114.3 lina upana wa milimita 60.1. Impreza za zamani zenye duara la milimita 100 zina 56.1. Tundu likizidi shingo, tofauti huzibwa kwa pete ya plastiki au aluminiamu.

"Rimu ni inchi 17, na ya kwangu ni 17, itaingia"

Inchi 17 ni kimo tu. Tatizo la kugusa linaamuliwa zaidi na namba mbili zinazopigwa chapa ndani ya rimu ambazo muuzaji wa mtumba hakuonyeshi: upana, kama 7J au 8J, na ofseti, inayoandikwa ET45 au +45. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje. Ikipanda, linaingia ndani.

Chukua mfano. Gari lilikuwa na rimu ya 7J ET45, mwenye gari amepata 8J ET35 nzuri kwa bei nzuri. Inchi 7 ni milimita 177.8, nusu yake 88.9. Toa 45, ukingo wa nje ulikuwa milimita 43.9 kutoka uso wa habu. Rimu mpya: inchi 8 ni 203.2, nusu yake 101.6, toa 35, unapata 66.6. Ukingo wa nje umetoka karibu milimita 23. Kwa upande wa ndani unajumlisha badala ya kutoa: zamani 133.9, sasa 136.6. Ndani imeingia milimita 3 tu. Kwa hiyo kwa rimu hii shokapu haina shida kubwa, na fenda ndiyo itakayolia. Hesabu hii inafanyika juu ya karatasi dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Anayejua kutoa na kujumlisha anaiweza.

Kuna kitu hesabu hiyo haikuonyeshi: breki. Rimu mbili za 17 zenye ET ileile zinaweza kutofautiana kabisa kwenye umbo la mikono yake kwa ndani. Moja inapita juu ya kalipa kubwa (kifaa kinachobana diski ya breki), nyingine inaigusa. Kata boksi gumu kwa umbo la kalipa ilivyo kwenye gari, nenda nalo dukani, liingize ndani ya rimu. Ndipo ununue.

"225 ni 225"

Si kweli. Upana ulioandikwa ubavuni mwa tairi unapimwa tairi likiwa kwenye rimu ya upana maalumu. Lipeleke kwenye rimu pana zaidi kwa nusu inchi, na ubavu unatanuka karibu milimita 5. Viwanda viwili vikiandika 225/45R17, bado matairi yao yanaweza kupishana milimita kadhaa. Matairi laini ya uwanjani ndiyo mabaya zaidi kwa hili, maana mabega yake ni ya mraba, hayakuviringika kama ya barabarani, na bega ndilo linalokutana na mdomo wa fenda. Pima tairi lako lililojazwa upepo, juu ya rimu yako.

"Laza tairi ndani, nafasi inapatikana kote"

Mlalo wa tairi, ambao watu wa mbio wanauita kemba, husaidia sana. Kichwa cha tairi kikiinama kuelekea ndani, kinakimbia fenda, na kwenye kona tairi linakanyaga vizuri zaidi. Kwa tairi lenye kimo cha milimita 630 hivi, digrii moja inakiingiza kichwa chake karibu milimita 5 na nusu ukilinganisha na kitovu. Digrii tatu zinaonekana kwa macho.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni mlalo huo umepatikana wapi. Impreza na Corolla zina mfumo wa mbele ambao shokapu inafungwa moja kwa moja kwenye kifundo cha gurudumu kwa bolti mbili. Ukilaza tairi kwa kulegeza bolti hizo, au kwa kuweka bolti yenye tumbo, unainamisha gurudumu kuelekea shokapu. Fenda imepona, shokapu imekaribiwa. Hapo ndipo mtu anashangaa kuona ubavu wa ndani umeng'aa, umekatwa mstari mzunguko mzima, wakati "nilirekebisha tu kemba".

Ukilaza kwa juu, kwa sahani maalumu inayosogeza kichwa cha shokapu kuelekea kwenye injini, shokapu na gurudumu vinainama pamoja. Pengo kati yake halibadiliki hata kidogo, na fenda bado inapata nafasi. Kwa gari ambalo lina milimita chache upande wa shokapu, mimi ningeanza na sahani hizo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ni pesa, najua, na huku kwetu huagizwa. Zinalipa.

"Springi ngumu zinamaliza kila kitu"

Springi nyingi za Japani huhesabiwa kwa kilo kwa kila milimita. Tuseme gurudumu moja la mbele linabeba kilo 300 gari likiwa limetulia, na kwenye kona likafika 500. Hizo kilo 200 za nyongeza zinaizamisha springi ya kilo 6 kwa milimita 33. Springi ya kilo 8 inazama milimita 25. Umeokoa milimita 8. Sasa mtu huyohuyo, akifunga springi hizo mpya, analishusha gari milimita 30 ili livutie machoni. Alichookoa kimepotea mara tatu na zaidi.

Wengine hurefusha ile raba ya mwisho ili gurudumu lisipande sana. Kwa kiasi inafaa, na magari mengi ya mbio yanaitumia. Ikizidi, gari linakaa juu ya raba katikati ya kona, springi inakuwa kama haipo, na mshiko wa tairi unakatika ghafla. Dereva anayejifunza hataweza kulirudisha.

"Kata fenda kwa grinda"

Mdomo wa fenda mara nyingi hauhitaji kukatwa. Unakunjwa kwenda ndani, kwa roli maalumu inayofungwa kwenye habu, huku rangi ikipashwa joto polepole ili isipasuke. Bila joto rangi hukatika, na masika yakifika kutu inaanza palepale. Fenda za nyuma ziwe na tahadhari zaidi: bati la nje na la ndani huungana pale kwenye mdomo, ukikata umefungua mshono wa bodi. Plastiki ya ndani ya fenda nayo isitupwe hovyo, maana nyuma yake hupita nyaya na kopo la maji ya kuoshea kioo. Inapashwa joto na kusukumwa nyuma.

"Linagusa kidogo tu, litajitengenezea nafasi"

Inategemea linagusa nini. Tairi la mbele likigusa plastiki ya bampa usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, wakati wa kuegesha, unaweza kuishi nalo. Usukani haufiki huko ukiwa kasi. Hali hii huonekana sana kwa wanaoongeza kasta (mwinamo wa shokapu kuelekea nyuma kwa juu), kwa sababu mara nyingi gurudumu linasogea mbele, karibu na bampa.

Tairi likigusa bati au chuma gari likiwa kwenye mwendo, simama. Mahali pa alama panakuambia chanzo. Bega la nje lililonyofoka: mdomo wa fenda. Mstari unaong'aa ubavuni kwa ndani: shokapu. Alama pembeni ya kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga chini) kwa ndani, juu: kikombe cha springi, na huenda tairi lako ni refu mno kwa gari hilo. Alama ya mbele tu, upande mmoja wa gari na si mwingine: angalia bushi za loa amu na bolti zake kabla ya kulaumu rimu, maana huenda gurudumu limesogea kutoka mahali pake.

Na tairi ambalo ubavu wake umekatwa mpaka nyuzi zinaonekana halihamishiwi gurudumu la nyuma wala haliuzwi kwa dereva wa gari la abiria la Urambo. Ubavu haupigwi kiraka. Litolewe kwenye rimu, likatwe, lisirudi barabarani.