"Fedha za umma" kwenye viza ya Uingereza ni zipi hasa?

Mswahili akisikia "fedha za umma" anawaza ripoti ya CAG: barabara, dawa za hospitali, mishahara ya walimu, kila senti iliyotoka serikalini. Ndiyo maana yale maneno yanayoandamana na viza nyingi za Uingereza, "no recourse to public funds" (yaani usitegemee fedha za umma), yanawatia watu wetu hofu kubwa kuliko inavyostahili. Nilimkuta mama mmoja kakaa ndani siku ya tatu na mtoto anayechemka homa, hataki kwenda kwa daktari. Hospitali si ya serikali? Na karatasi yake si inamkataza vya serikali?

Ilikuwa ikimkataza vingine kabisa. Katika sheria za uhamiaji za Uingereza, fedha za umma ni orodha. Kilichotajwa humo hukiombi. Kisichotajwa, hata kama serikali ndiyo inayolipa bili yote, sharti hili halikigusi.

Orodha yenyewe ina zile posho ambazo serikali humpa mtu kwa kuangalia kipato au hali yake, si kwa michango aliyokatwa kazini. Imo Universal Credit, posho ya wenye kipato kidogo, imo Housing Benefit ya kusaidia kodi ya nyumba, imo posho ya mtoto iitwayo Child Benefit, zimo posho za ulemavu na za anayemhudumia mgonjwa nyumbani, na punguzo la kodi ya halmashauri kwa wenye kipato kidogo. Upande wa makazi yamo mambo mawili: kupangiwa nyumba ya halmashauri, na msaada ambao halmashauri humpa mtu asiye na pa kulala.

Nje ya orodha ipo shule ya serikali. Ipo mishahara ya likizo ya uzazi na ya ugonjwa, maana hiyo hutoka kwa mwajiri. Upo msaada wa chakula wa makanisa, misikiti na jumuiya. Na ipo NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ambayo mwenye viza ya muda mrefu kwa kawaida huwa ameshailipia kabla hata hajapanda ndege: tangu Februari 2024 ada ya afya kwa kawaida ni pauni 1,035 kwa mtu mzima asiye mwanafunzi kwa kila mwaka wa viza. Yule mama alikuwa anaogopa kukiomba kitu alichokinunua.

Sharti hili huwapata wanafunzi, wafanyakazi waliodhaminiwa na waajiri, na wenzi wa ndoa waliofuata wenzao. Asiye na karatasi kabisa naye sheria inamfungia milango hiyohiyo, kupitia kifungu cha 115 cha Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999. Aliyekubaliwa kuwa mkimbizi halimhusu, wala aliyepata ukaazi wa kudumu. Anayesubiri jibu la ombi la ukimbizi ana mfumo wake mwingine wa malazi na posho ndogo.

Penye utata zaidi ni kwenye nyumba. Tuseme familia yenye watoto imetolewa kwenye nyumba ya kupanga, na wazazi wote wawili wana sharti hili. Wakienda idara ya makazi ya halmashauri wataambiwa hawastahili, na aliyewajibu hajakosea. Lakini halmashauri hiyohiyo ina idara ya ustawi wa jamii, na katika sehemu ya Uingereza iitwayo England kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989 kinaibebesha wajibu kwa mtoto mwenye uhitaji. Idara hiyo inaweza kuiwekea familia mahali pa kulala na kuipa hela ya chakula, na msaada huo haumo kwenye orodha. Jengo moja, madirisha mawili, majibu mawili. Aliyefukuzwa dirisha la kwanza mara nyingi haambiwi kwamba la pili lipo, na hilo ndilo hunikera zaidi kuliko sharti lenyewe. Ukifika, usiseme "naomba nyumba". Sema una mtoto asiye na pa kulala na unaomba hali yake ikaguliwe.

Jingine linalowaponza watu ni mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza. Wazazi hudhani uraia wake unawafungulia Child Benefit. Hapana, anayeomba ni mzazi, na kinachoangaliwa ni karatasi za mzazi. Ikiwa mmoja wenu ni raia au ana ukaazi wa kudumu, huyo aombe kwa jina lake. Ila asiongezewe fedha yoyote kwa sababu yako wewe mwenye sharti, kwani hiyo huhesabiwa umeichukua wewe, na inaweza kukuharibia ombi la viza linalofuata.

Sharti linaweza kuondolewa. Walio kwenye viza za familia au za maisha binafsi (za waliokwisha kuota mizizi nchini) wanaweza kuomba, bila ada, wakionyesha kwamba wamefukarika au wako mbioni kufukarika, au kwamba mtoto anaumia. Hayo maneno "wako mbioni" yana historia: Mei 2020 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba utaratibu wa wakati ule ulikuwa kinyume cha sheria, kwa vile haukumlinda mtu aliyekuwa karibu kufikia ufukara. Mwenye viza ya kazi au ya masomo kwa kawaida njia hii haimhusu. Mke au mume anayepigwa ndani ya ndoa iliyomleta nchini anaweza kuomba kibali maalumu cha miezi 3 ambacho hakina sharti hilo, ili apate pa kukimbilia huku akishughulikia ukaazi wake.

Zamani sharti lilisomeka kwenye BRP, kadi ya kibali cha kuishi nchini. Nyingi ya kadi hizo ziliandikwa zinaisha tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hali yako iko mtandaoni, kwenye akaunti ya eVisa. Fungua akaunti uisome kabla hujajaza fomu ya posho yoyote. Usitegemee alichoambiwa jirani, maana yeye na wewe huenda mlishuka ndege moja na bado viza zenu zina masharti tofauti.